Mnada wa Bunduki za Baba Mkwe

Kilichomkasirisha Atuganile kwanza kilikuwa shuka. Bunduki nne zilikuwa zimepangwa juu ya shuka lake jeupe, lile alilolidarizi maua mekundu pembe zote, ambalo halitoki sandukuni ila kwa mgeni wa maana. Ilikuwa picha tu ndani ya simu ya Esnath, lakini mafuta ya bunduki yalionekana vizuri kabisa, yamechora mstari mweusi katikati ya maua. "Shuka langu!" alisema. Kisha akasoma maneno ya chini ya picha, na habari ya shuka ikamtoka.

Maneno yalisema kwamba Jumamosi, mjini Tukuyu, kutakuwa na mnada wa silaha za mwindaji mkongwe wa Rungwe. Gobore la mababu. Shotigani ya mitutu miwili. Raifo ya wanyama wakubwa. Na ya nne, bunduki ya Mjerumani iliyoopolewa kutoka ziwa Masoko. Wanunuzi waje na vibali vyao.

"Waongo hawa," Atuganile alisema. "Waongo wakubwa."

Esnath akatazama huku na huku, ingawa shamba la viazi lilikuwa tupu. Alikuwa mke wa Ackson, mdogo wake mume wa Atuganile. Nyumba zao zilitenganishwa na migomba tu, na lililompata mmoja lilimfikia mwenzake kabla jua halijazama. "Punguza sauti, Mama Hellen. Nimeikuta kwenye simu ya Ackson, nikajitumia. Hajui."

Atuganile alizaliwa Masoko. Maji ya ziwa lile ameyateka tangu hajaweza kubeba ndoo iliyojaa. Wazee wa kwao husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia katika vita ile ya kwanza walitupa mali na silaha ziwani, na kila kizazi kina wajinga wake wanaopiga mbizi kuzitafuta, wakarudi na matope. Bunduki ile ya Mjerumani haikuwahi kuloa hata kwa umande. Baba mkwe wake aliipata zamani kwa mtu mmoja wa Matwebe, kwa kubadilishana na mtamba, akaiandikisha kihalali kama zile nyingine.

Lakini uongo wa ziwa ulikuwa mdogo. Uongo wenyewe ulikuwa kwamba mwenye bunduki hakujua kuwa zinauzwa.

Wiki iliyotangulia, Godwin, mume wa Atuganile, alikuja na gari kutoka Mbeya anakouza vipuri vya magari. Aliingia chumbani kwa baba yake, Mzee Asajile, akamwambia kwamba serikali inafanya uhakiki wa silaha. Bunduki zinatakiwa Tukuyu, na Jumamosi mwenyewe ataitwa kuthibitisha kuwa ni zake. Mzee hakubisha. Maisha yake yote alikuwa mtu wa leseni. Kabla hajastaafu kuwinda, nguruwe mwitu waliposhuka kutoka msituni na kufukua viazi vya watu wa Nkunga, yeye ndiye aliyeitwa. Alizifunga bunduki moja moja kwenye blanketi, akamwambia mwanawe, "Uwapeleke mabinti zangu taratibu, barabara mbovu hiyo." Atuganile aliyasikia yote akiwa nyuma ya ukuta akichagua mchele, akaona ni jambo la kawaida, asijue kwamba Godwin ameondoka na shuka lake pia. Sasa alipoikumbuka ile sauti ya mzee akiwaaga mabinti zake, alitamani kuitupa simu ya Esnath mtoni.

Asiye wa Rungwe atauliza, si angekwenda tu kumwambia? Hapo ndipo penye kidonda.

Mkamwana wa Kinyakyusa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hali naye, jina lake halitaji. Akimwona njiani huiacha njia. Kwao mwiko huo huitwa kutila, na siku hizi wengi wameuacha. Wapo mabinti mjini wanaompa baba mkwe mkono, wanapiga naye picha, na hakuna aliyekufa. Lakini kwa Mzee Asajile mwiko ulikuwa mwiko. Miaka ishirini Atuganile ameishi kwenye ua ule bila kuuona uso wa mzee sawasawa. Akitoka kisimani na ndoo kichwani, akisikia kikohozi chake, alijitosa kwenye migomba, na mara nyingine maji yakamwagika yote, ikabidi arudi tena kisimani huku akinung'unika. Chakula alikiweka mlangoni, akagonga mfuniko wa sufuria kwa upawa, akaondoka. Maneno yalipitia kwa mama mkwe, na mama mkwe alipofariki yakapitia kwa Ackson. Esnath naye, kwa kuwa ni mkamwana wa nyumba hiyo hiyo, alifungwa na mwiko huo huo. Wanawake wawili waliojua siri, na wote wawili hawana mdomo.

Lakini kumjua mzee, Atuganile alimjua. Alimjua kwa kikohozi, kwa mburuzo wa kandambili, kwa sauti ya kitambaa kikipita kwenye mitutu kila Jumapili baada ya ibada. Alijua kwamba gobore ndilo alilolipenda zaidi, kwa sababu alilifuta mwisho na kwa wimbo. Na kulikuwa na siku moja asiyoweza kuisahau. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika baada ya kumzaa Hellen, ukoo ukakaa kikao. Watu wakasema Godwin aoe mwingine, huyu arudishwe kwao Masoko na mtoto wake. Godwin mwenyewe alikaa kama gunia la viazi. Atuganile alikuwa jikoni ameshika kisu na hamenyi kitu. Ndipo akaisikia sauti ya mzee: "Mkamwana wangu haendi popote. Atakayemfukuza aanze na mimi." Kikao kikaishia hapo. Hakuwahi kumshukuru. Angemshukuruje?

Basi alimpigia simu mumewe, palepale shambani, mikono ikiwa na udongo.

"Baba Hellen, mnauza bunduki za baba?"

Kukawa na kelele za nyundo kwanza, kisha Godwin akahamia mahali penye utulivu. "Nani kakwambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Sikiliza, Mama Hellen. Baba haoni vizuri. Umesahau ndama wa Mzee Ambindwile?"

Hakuwa amesahau. Msimu uliopita, giza likianza kuingia, Mzee Asajile alisikia kitu kwenye mahindi akafyatua. Nguruwe mwitu akageuka kuwa ndama wa jirani, tena jirani mwenyewe mzee wa kanisa.

"Tungoje mpaka apige mtu?" Godwin akaendelea.

"Sijasema mngoje. Mkalisheni, mumweleze."

"Unamjua baba. Atakataa. Na kampuni ya mnada haikubali kuuza bila mwenye mali kuwapo na kuulizwa mbele ya afande kama ameridhia. Sasa atafika, ataulizwa, atasema ndiyo, akijua ni uhakiki. Yakishapita tutamwambia polepole."

"Huo ni wizi, Baba Hellen."

"Ni baba yangu, si baba yako." Kisha akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. "Na wewe utamwambiaje? Utamgongea sufuria?"

Akakata simu.

Wanasema hasira, hasara. Haya, na iwe hasara. Atuganile alirudi kwenye viazi akapiga jembe mpaka akakata viazi vitatu katikati, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe. Alikuwa na hasira na Godwin kwa uongo, lakini zaidi kwa kicheko. Watu wale walikuwa wameupanga mpango wao wote juu ya heshima yake. Walijua kwamba yeye ndiye anayesikia kila kitu kupitia ukuta ule, na walijua kwamba hatasema, kwa kuwa ni mke mwema. Wema wake ndio waliougeuza kuwa kufuli.

Jioni ile alimfuata Ackson kwenye zizi. "Shemeji, mwambie baba ukweli. Wewe unaongea naye kila siku."

Ackson hakuinua kichwa kutoka kwenye chuchu za ng'ombe. "Shemeji, hayo ni mambo ya wanaume."

"Uongo nao siku hizi ni wa wanaume?"

"Kaka ameshapanga. Mimi siingii."

Kesho yake akaenda kwa Mzee Ambindwile, akijua kwamba mzee wa kanisa hawezi kukalia jambo kama hilo. Kumbe aliweza. Alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi. "Mwanangu, mimi ni mwenye ndama. Nikienda kumwambia Asajile, atasema nimetumwa na kisasi. Waachie wenye baba yao. Tutaliombea."

"Mtauombea uongo, mzee?"

"Tutaombea amani."

Atuganile alitoka bila kuaga. Njiani aliongea peke yake kwa sauti, na waliokutana naye walimpisha.

Ijumaa alasiri alijaribu mwenyewe. Alisimama nyuma ya ukuta wa chumba cha mzee, mahali anaposimama miaka yote kuchagua mchele. Ndani, mzee alikuwa anaimba ule wimbo wa gobore, na kitambaa kilikuwa kinapita juu ya kitu, huenda fimbo, huenda mguu wa kiti, maana bunduki hazikuwapo. Atuganile akafungua mdomo. Aliita "Tata," yaani baba, lakini neno halikuvuka meno. Akajaribu tena. Koo likawa limefungwa kabisa, kana kwamba mama yake na bibi yake wote walikuwa wamelishika. Akaupiga ukuta kofi moja la nguvu. Mle ndani wimbo ukakatika, mzee akakohoa kama kawaida yake ya kuwaonya wakamwana kwamba anatoka nje, na miguu ya Atuganile, bila kuulizwa, ikamkimbiza hadi jikoni. Alilia pale kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe.

Jumamosi gari la Godwin lilikuja mapema. Mzee alikuwa amevaa koti lake la ibada na kofia ya pama. Godwin akamshika mkono, Ackson akafungua mlango, Mzee Ambindwile akapanda nyuma kama shahidi. Atuganile hakuweza kupanda, kwa kuwa mkamwana hapandi gari moja na mkwewe. Walilijua hilo pia. Godwin alimpungia mkono kupitia kioo.

Atuganile akaita bodaboda. Mvua iliwakamata njiani, mvua ile ya Tukuyu isiyojua kiangazi wala masika, na alipofika alikuwa amelowa hadi mifupa.

Mnada ulikuwa kwenye ukumbi wa nyumba moja ya wageni. Bunduki zilikuwa mezani mbele, safari hii juu ya kitambaa cha kijani. Dalali alikuwa mwanamke wa Pwani aitwaye Stumai, amevaa suti nadhifu na ameshika kipaza sauti ambacho bado hakijawashwa. Wanunuzi walikuwa watu wa matumbo na vibali: wenye mashamba, wenye mabasi, na mmoja mwenye hoteli aliyetaka kutundika gobore ukutani juu ya kaunta ya bia. Afande aliyesimamia alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mwenye adabu, asiyejua hata salamu ya Kinyakyusa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba kila mtu alilazimika kusema kwa kelele.

Atuganile alijibanza nyuma ya nguzo, kanga kichwani. Akamwona Godwin akimpitisha baba yake katikati ya watu na kumpigia kelele sikioni, "Hawa wote wameleta za kwao kuhakikiwa!" Mzee akaitikia kwa kichwa. Wakamketisha mbele ya meza.

"Tuanze na mwenye mali," afande akamwambia Godwin. "Muulize kama hizi ni zake."

"Kiswahili chake kizito, afande, na mvua hii... nitamtafsiria." Godwin akainama sikioni kwa baba yake, akauliza kwa Kinyakyusa. Swali hilo aliliuliza kwa haki. Mzee akazipapasa bunduki, akasema ni zake.

"Sasa muulize kama ameridhia kwa hiari yake ziuzwe kwenye mnada huu."

Godwin akainama tena. Kwa sababu ya mvua ilibidi apaze sauti, na kwa Kinyakyusa safi akasema, "Baba, wanauliza kama zote zimefika salama!"

Nusu ya ukumbi walikuwa Wanyakyusa. Walisikia. Atuganile aliwaona wakisikia. Mwenye mabasi akatazama viatu vyake. Ackson akatazama dari. Mzee Ambindwile, mzee wa kanisa, akatoa kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Hakuna aliyefungua mdomo. Watu wazima, wababa wa watu, wenye majina kanisani, wanamwangalia mwenzao akiuzwa akiwa macho, na kila mmoja anangoja bei.

Koo la Atuganile likafunguka.

Hakujua amefikaje mbele. Aliteremsha kanga kutoka kichwani, akapita kati ya meza na watu, akasimama mbele ya baba mkwe wake uso kwa uso, akapiga kelele kuishinda mvua: "Tata! Wanaziuza! Hakuna uhakiki hapa, huu ni mnada. Bunduki zako wanaziuza!"

"Mwee!" mtu akasema nyuma. Hawakushangaa habari ya bunduki, kwani waliijua. Walishangaa mkamwana amemsemesha mkwewe hadharani.

Na mzee? Mzee alifanya alichokifanya miaka ishirini. Alivua pama lake haraka akajifunika uso.

Atuganile aliliona pama lile kama kofi. Kuvunja yote hayo, halafu kufunikiwa kofia! Lakini hakuondoka.

"Nani huyo?" mzee akauliza kutoka nyuma ya pama.

"Mwendawazimu mmoja tu, baba," Godwin akasema upesi.

"Mwendawazimu ni wewe!" Atuganile akamgeukia. "Tata, ni mimi, mke wa Godwin. Ndizi ulizokula jana nimezipika mimi."

"Sauti hiyo naijua," mzee akasema taratibu. Kisha akamwelekea afande na kusema kwa Kiswahili chake, "Wewe baba, hapa mimi naletwa kwa uhakiki, au hapa ni sokoni?"

Afande akamtazama Godwin kwanza, kwa muda ambao Godwin hakuupenda. "Ni mnada, mzee. Uhakiki haupo."

Stumai akaweka kipaza sauti mezani. "Hapa hakinadiwi kitu mpaka mzee huyu aelewe," alisema. "Mimi nimeambiwa ameridhia tangu mwezi uliopita."

Mzee Asajile akaipiga meza kwa fimbo, bunduki zikarukaruka juu ya kitambaa. "Godwin! Ackson! Mngeniambia! Mngekaa na mimi, mkaniambia, tungegombana kama watu, yakaisha! Mmenivisha koti la ibada kuja kuniibia?" Akapiga tena. "Sikubali! Hakuna inayouzwa hapa. Sikubali!"

Wanunuzi wakaanza kunong'ona. Mwenye hoteli akaangalia saa, akasema kwa sauti kwamba ukuta wa kaunta yake unalingoja gobore. Godwin, ambaye jasho lilikuwa limemtoka mbele ya afande, akatafuta wa kumtwika mzigo wake, akamwona mkewe.

"Umeridhika? Umemsemesha baba mbele ya watu. Utalipa ng'ombe kwa kuvunja mwiko, na baada ya hapo utarudi kwenu Masoko."

"Ng'ombe nitalipa," Atuganile akasema. "Na wewe uliyemdanganya baba yako sikioni mbele ya askari, utalipa nini?"

Mwenye mabasi akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Ng'ombe huyo ni wa kulipwa mimi," mzee akasema, "na mimi sijamdai mtu. Mwambieni aje karibu."

"Niko hapa, Tata."

Mzee akateremsha pama. Kwa mara ya kwanza Atuganile aliuona uso ule kwa karibu. Ulikuwa mdogo kuliko sauti yake. Juu ya nyusi kulikuwa na kovu la zamani, na macho yalikuwa yametanda weupe kama maji yaliyooshewa mchele. Macho hayo yalikuwa yanatazama pembeni yake kidogo.

"Uko wapi?" mzee akauliza.

"Hapa, mbele yako."

"Naona kivuli tu. Wewe na ile nguzo kwangu ni mamoja."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Mchana naona weupe. Jua likizama sioni kitu."

Hapo ndipo hasira ya Atuganile, aliyodhani imefika mwisho, ilipopata mahali pengine pa kwenda. Mwaka wa pili! Mwaka wa pili anajitosa kwenye migomba na ndoo kichwani, kumkwepa mtu asiyeweza kumtofautisha na mgomba wenyewe. Na jioni zote hizo watoto wa Esnath walikuwa wanakimbizana uani.

"Kumbe yule ndama ulimpiga kwa kusikia!"

"Nilisikia majani yakitikisika."

"Majani! Na watoto wa Esnath hawatikisi majani? Mimi nikienda chooni sitikisi majani? Umelala na bunduki zenye risasi chini ya kitanda, huoni hata mlango, na hukumwambia mtu!" Alikuwa anamfokea baba mkwe wake mbele ya polisi, dalali na nusu ya matajiri wa Tukuyu, na hakujali. "Wanao hawa wamekudanganya, ni kweli, na mimi sitawasamehe upesi. Lakini na wewe umetudanganya sote. Mwaka wa pili!"

Mzee alishusha kichwa.

"Tangu mama yao afe," akasema, "hakuna aliyenifokea."

"Basi leo umefokewa." Atuganile akafuta uso kwa pindo la kanga. "Ziuze, Tata. Zisirudi nyumbani. Lakini uziuze wewe, kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa Godwin."

Godwin akasogea, "Si ndiyo tulivyokuwa tunasema tangu..." Afande akamwekea mkono kifuani, na Godwin akarudi alikotoka.

Mzee akaweka vidole juu ya gobore. Kisha akamwita Stumai. "Wewe binti, hicho chombo chako washa, nishikie hapa." Akaanza na ya Mjerumani. Alisema kwamba bunduki hiyo haijatoka ziwani, atakayeinunua kwa sababu ya ziwa arudi kwake akalale. Imetoka Matwebe na ililipiwa mtamba mwekundu. Shotigani alisema mtutu wake wa kulia ni mwaminifu na wa kushoto ni mwongo. Raifo alisema imechoka kama yeye. Gobore alilipapasa kutoka kitako hadi mdomo wa mtutu, akasema babu yake alililinda nalo shamba kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, halijawahi kutundikwa kwenye kilabu cha pombe, na hilo mwenye hoteli alisikie vizuri. Mwenye hoteli alilisikia.

Alipomaliza, afande mwenyewe akainama sikioni kwa mzee, akauliza polepole, neno moja moja. "Mzee, umeridhia kwa hiari yako ziuzwe?"

Mzee Asajile aligeuza uso wake kuelekea upande ilikotoka ile sauti iliyomfokea, akakosea kidogo, akarekebisha.

"Mkamwana wangu," akasema, "wewe unasemaje?"

Godwin akafungua mdomo.

"Sijakuuliza wewe," mzee akamwambia.

Wanaume wote mle ukumbini wakamgeukia Atuganile, amelowa, kanga mabegani.

"Ziuzwe," akasema, na sauti yake bado ilikuwa ya hasira.

"Umesikia," mzee akamwambia afande. "Andika hivyo."